Chujio lililorudi na maandishi yetu: tumwage oili ya gari wenyewe

Gari tulilo nalo nyumbani ni Toyota IST, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi yanayopita katika barabara za Dar es Salaam. Ndilo linalowapeleka watoto shule na madrasa, ndilo linalompeleka mama mzazi kliniki ya shinikizo la damu, na siku za shughuli za msikiti hugeuka kuwa kigari cha kubebea masufuria. Kwa zaidi ya miaka miwili tulikuwa tukilipeleka kwenye gereji moja, ambayo hatutaitaja. Kila baada ya miezi michache tulilipa oili, tukalipa chujio, tukapewa risiti, na risiti zote tukazihifadhi katika jalada, kama ilivyo desturi ya mtu aliyezoea kuandika mihtasari ya vikao.

Aliyetufungua macho ni jirani yetu, mzee mstaafu aliyeendesha malori ya masafa marefu. Jioni moja baada ya Magharibi alituuliza, "Ustadhi, umepata kuandika tarehe juu ya chujio la gari lako?" Tulicheka, tukidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Akatueleza kwamba enzi zake, kila lori liliporudi kutoka gereji, huingia chini na tochi akatafuta alama aliyoiweka mwenyewe. Akiikuta, hujua kuwa tajiri wake amelipia kazi isiyofanyika. Tukanunua kalamu ya wino usiofutika, tukajikunja chini ya gari, tukaandika tarehe na herufi moja juu ya lile kopo la chuma. Miezi mitano baadaye gari likaenda gereji na kurudi, na risiti ikasema: oili, chujio, ufundi. Tukaingia chini na tochi. Maandishi yetu yalikuwa palepale, yamefunikwa na vumbi kidogo tu.

Usiku ule hatukulala vizuri. Bei ya chujio si ya kumnyima mtu usingizi. Kilichotukosesha raha ni swali lililofuata: kama chujio halikubadilishwa, je, oili ilibadilishwa? Na zile risiti nyingine zilizomo katika jalada, ngapi ni za kweli? Asubuhi tulifungua kifuniko cha kujazia oili kilicho juu ya injini, tukamulika ndani, tukaona tope jeusi limeganda pembezoni, zito mithili ya lami. Kwa mwenye kuijua injini, hilo ni jibu tosha.

Tulikwenda kwa mwenye gereji. Kwanza alikana, kisha akamwita kijana wake, kisha akanyamaza. Alirudisha fedha ya chujio la mara ile moja na akaomba radhi. Mengine tukamwachia yeye na Mola wake. Twapenda tuseme kwa uadilifu kwamba mafundi waaminifu wapo, na baadhi yao tunasimama nao safu moja kila siku. Lakini tuliazimia kuwa kazi hii ndogo tutaifanya wenyewe, na tumeifanya tangu wakati huo. Kwa kuwa baadhi ya wasomaji wameomba tueleze namna, leo safu hii tunaitoa kwa jambo hilo.

Kwanza tuelewe oili inafanya nini humo ndani. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa barabarani, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde moja. Chuma hukaribiana na chuma kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na kinachozuia visigusane ni utando wa oili tu. Oili hiyo hiyo huondoa joto mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, huziba upenyo kati ya pistoni na ukuta wake, huzuia kutu, na hubeba masizi na unga wa chuma hadi kwenye chujio. Ndani yake mna kemikali za kusafisha, na ndiyo maana hugeuka nyeusi upesi. Weusi peke yake si dalili ya ubovu. Ni ushahidi kwamba imefanya kazi. Ubaya huja pale kemikali hizo zinapokwisha nguvu, uchafu ukakosa wa kuubeba, ukaanza kuganda kuwa lile tope tuliloliona sisi.

Hapa tuongeze neno kuhusu ile taa nyekundu ya dashibodi yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone. Wengi hudhani inasema, "Niongezee oili ukipata nafasi." Sivyo. Taa ile husema kuwa msukumo wa oili umeanguka, na injini inakaribia kusaga chuma kwa chuma. Ikiwaka ukiwa njiani, simama pembeni mahali salama na zima injini papo hapo, hata kama nyumbani kumebaki mita 500. Akina mama na vijana wanaoendesha gari la familia nao walijue hili, kwa sababu aghalabu taa huwaka baba akiwa hayupo.

Sasa uchaguzi wa oili. Juu ya dumu utakuta maandishi kama 5W-30 au 20W-50. Namba ya kwanza, yenye herufi W, hueleza wepesi wa oili injini ikiwa ya baridi. Namba ya pili hueleza uzito wake ikiwa imepata joto kali. Pana dhana mitaani kwamba kwa kuwa pwani yetu ni ya joto, basi gari lolote linafaa kupewa oili nzito. Injini ndogo za kisasa zimeundwa kwa nafasi finyu mno, na oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu kila unapowasha asubuhi, wakati ambao injini inaihitaji zaidi. Fuata kitabu cha gari. Kitabu chetu kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho, wala hatujui hata herufi moja, lakini 5W-30 imeandikwa 5W-30, na ujazo umeandikwa kwa tarakimu. Penye namba hapahitaji mkalimani.

Vilevile tazama herufi za API. Kwa injini za petroli huanza na S, kama vile SL, SM, SN na SP, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya zaidi. SN ilianza mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Injini za dizeli zina herufi zake zinazoanza na C. Nunua kwa muuzaji mwenye duka linalojulikana, anayeweza kupatikana kesho na keshokutwa, na uhakikishe muhuri wa kifuniko haujaguswa. Oili bandia ipo sokoni, na dumu tupu la oili nzuri ndilo mtaji wa anayeitengeneza. Sisi tukimaliza dumu la oili mpya ambalo hatulihitaji tena, hulitoboa kabla ya kulitupa.

Vifaa ni vichache: spana inayoenea nati ya kumwagia oili (kwa gari letu ni namba 14), beseni pana lililotengwa kwa kazi hiyo, faneli, matambara, glovu, chujio jipya, na washa mpya ya ile nati. Washa hiyo ni kitu kidogo sana na ndiyo husahauliwa. Chujio lenyewe si jambo la zamani sana. Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walilibuni mwaka 1923, na kabla ya hapo magari yalikuwa yakinywa uchafu wake yenyewe.

Kabla ya yote hayo, ndugu msomaji, kuna jambo moja ambalo tungependa lisomwe mara mbili. Gari dogo kama letu lina uzito unaokaribia tani moja. Jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa kubadili gurudumu, nawe ukiwa pembeni. Haikutengenezwa ili binadamu alale chini ya kile inachokishikilia. Jeki huteleza, huzama mchangani, huinama. Ukilinyanyua gari, liwe mahali tambarare na pagumu, gia iwe kwenye P, breki ya mkono imevutwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa vigogo mbele na nyuma, kisha uliteremshe gari likae juu ya stendi za chuma zilizowekwa kwenye sehemu ngumu za bodi zilizokusudiwa kushikiliwa. Usitumie matofali. Tofali la saruji hubeba mzigo kwa muda, kisha hupasuka ghafla bila kutoa taarifa. Gurudumu la akiba nalo lisukume chini ya ubavu wa gari kama tahadhari ya pili. Kabla ya kuingia, litikise gari kwa mkono. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa nje. Asiye na stendi na asinyanyue. Atafute mahali penye shimo la mafundi akodi kwa saa moja, au apandishe magurudumu ya mbele juu ya mbao pana zilizopigiliwa kwa ngazi. Sisi tulitumia mbao hizo mwaka mzima kabla ya kununua stendi. Na watoto wakae mbali. Wetu wa miaka saba hupenda kushika tochi. Tumemruhusu ashike akiwa amesimama barazani.

Kazi yenyewe haina maajabu. Washa injini dakika chache ili oili ipate uvuguvugu na ichukue uchafu uliotuama, kisha zima na usubiri, maana oili ya moto huunguza kama mafuta ya kukaangia. Fungua kifuniko cha juu ili hewa ipite. Weka beseni chini ya sampu, ile sinia ya chuma iliyo chini ya injini, na ulisogeze mbele kidogo, kwani oili ikianza kutoka huruka kwa upinde kabla haijatulia kushuka wima. Legeza nati kwa spana, malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu, kisha iondoe kwa haraka. Acha imwagike mpaka ibaki matone, robo saa hivi. Futa nati, vika washa mpya, irudishe kwa vidole mpaka ikae, ndipo uikaze kwa spana fupi. Hapa vijana wenye nguvu huharibu: hukaza kana kwamba wanafunga mlango wa benki, na uzi wa sampu ukishachunika, gharama yake hupita oili ya mwaka mzima.

Kisha chujio. Lifungue kwa mkono au kwa spana yake maalumu, beseni likiwa bado chini, kwa sababu nalo limejaa oili. Hapa ndipo tulipokosea sisi mara ya kwanza, na tunasimulia ili wengine wasikosee.

Chujio la zamani lilitoka vizuri. Tulipaka oili safi kwenye mpira wa lile jipya, kama tulivyoelekezwa, tukalizungusha mpaka likagusa, tukaongeza robo tatu ya mzunguko kwa nguvu ya mkono. Tukajaza lita 3 na nusu hivi, tukaingia ndani ya gari tumejaa furaha ya mtu aliyefuzu, tukawasha. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni. "Zima! Zima gari!" Tukazima, lakini hazikupita sekunde kumi, na tayari uwanja ulikuwa na dimbwi jeusi linalosambaa. Oili mpya. Mpira wa chujio la zamani ulikuwa umegandia kwenye injini, nasi tulifunga chujio jipya juu yake bila kutazama. Mipira miwili haikai pamoja. Msukumo ulipopanda, oili ilipenya kati yake. Laiti tungekuwa peke yetu, tumeketi tukiisikiliza injini kwa kujisifu, injini ingekwisha pale pale uani. Tangu siku hiyo kila chujio likitoka, tunaligeuza na kutazama kama mpira wake umo, kisha tunapitisha tambara mahali lilipokuwa.

Ukimaliza kufunga, jaza kwa faneli pungufu kidogo ya ujazo ulioandikwa. Injini ya lita 1.5 ya gari letu hupokea takriban lita 3.7 pamoja na chujio, kwa hiyo dumu la lita 4 hubakiza kidogo cha kuongezea. Washa, taa ya kibirika izimike ndani ya sekunde chache. Chungulia chini kama kuna tone. Zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti gari likiwa tambarare, na oili ikae kati ya alama mbili bila kupita ya juu. Oili iliyozidi nayo huleta madhara, kwa kuwa mtaimbo unaozunguka huichapa ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Andika tarehe juu ya chujio jipya kwa kalamu, hata kama uliyelifunga ni wewe mwenyewe.

Ni baada ya muda gani? Watengenezaji huweka vipimo viwili, kimoja cha matumizi ya kawaida na kingine kifupi cha mazingira magumu, na mazingira magumu wanayoyataja ni vumbi, safari fupi fupi na foleni. Msomaji wa Mbagala au Gongo la Mboto atajitambua humo. Sisi tumeshika kilomita 5,000 au miezi 6, kitakachotangulia.

Turudi kwenye lile dimbwi. Tulilifunika kwa mchanga, tukauzoa mchanga wote, na jambo hilo ndilo lililotukalisha chini kutafakari beseni la oili chafu lililokuwa kando. Ua wetu hauko mbali na kisima cha msikiti. Watu hutawadha kwa maji yake, na majirani huchota ya kupikia. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hueleza kwamba oili ya kumwagwa mara moja tu kutoka gari moja yaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi, ambazo ni kama lita milioni 3.8. Oili iliyotumika huwa na metali na masizi yenye kemikali ambazo, zikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka, huweza kuleta saratani. Ndiyo sababu ya glovu. Na ndiyo sababu tunawasihi wale wanaowapaka mbuzi na mbwa wenye upele oili chafu waache, na asithubutu mtu kuipaka kichwani mwa mtoto mwenye mba au mashilingi.

Oili chafu imiminwe katika dumu lenye mfuniko, iandikwe kwa herufi kubwa, iwekwe mbali na mikono ya watoto. Isiwekwe kamwe katika chupa ya maji au ya soda, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi. Dumu lililowahi kuiweka lisirudi jikoni kwa maji wala kwa mafuta ya kula, lioshwe namna gani.

Kuhusu mikono, tumeulizwa zaidi ya mara moja na vijana wanaotoka gerejini adhana ikiadhiniwa. Oili hii si najisi, lakini tabaka lake juu ya ngozi huzuia maji ya udhu yasifike, basi liondolewe kwanza. Rangi iliyobaki katika mistari ya kiganja baada ya kuosha haidhuru. Sabuni ya unga pamoja na sukari kidogo husugua vizuri. Petroli iachwe, inaumiza ngozi.

Upande wa pili wa barabara, chini ya mwembe, wapo mafundi wawili ambao kwa miaka walikuwa wakimwaga oili katika mtaro unaopita nyuma ya kisima. Tulilipeleka jambo hili katika kikao cha kamati. Mjumbe mmoja alisema kuwa mtaro si mali ya msikiti. Tuliandika kauli yake katika muhtasari kama inavyotakiwa, kisha tukauliza maji ni ya nani, na mjadala ukawa mrefu. Mwishowe likanunuliwa pipa la lita 200, likawekwa chini ya mwembe ule, na mafundi wenyewe wakalipokea bila ubishi. Mmoja alisema hakuna aliyewahi kuwaambia. Sasa limefika nusu. Amejitokeza mnunuzi anayetaka oili hiyo kwa ajili ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa, na kikao kijacho kitaamua kama auziwe, na kwa sharti gani kuhusu mahali atakapozipakia mbao hizo.

Gari letu linasubiri kilomita 142,500. Limebakiza 600.